Kinu cha Maji cha Mama Yake Bibi

Asubuhi moja ya Ijumaa, mwanangu, miaka ile ya elfu mbili na kitu wakati Dubai nzima imejaa winchi, niliingia garini na bibi yangu tukaenda Hatta kupima kiwanja. Asubuhi ile haijanitoka. Hunijia kila nikikuona unaulizwa kwenu ni wapi, nawe unainua mabega tu na kuendelea na simu yako. Kaa basi nikuhadithie, chai ipo na leo hakuna anayetukimbiza.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Tulikaa mtaa wa Al Baraha, katika moja ya yale majengo ya zamani ambayo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Nyumbani tulisema Kiunguja, dukani Kiarabu, kazini Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za majengo katika ofisi moja ya wasanifu pale Deira. Wakubwa walichora minara yenyewe, mimi nikapewa ngazi na vyoo. Sikulalamika. Nilizichora ngazi zile mpaka nikajua mtu mwenye goti bovu atachokea wapi.

Bibi yangu, mama mzaa baba, alizaliwa huko huko milimani Hatta. Aliolewa akiwa msichana mdogo akapelekwa Unguja, akazaa huko, akakaa huko hadi nywele zilipoanza kuwa nyeupe, kisha akarudi na watoto wake. Mdogo wa watoto hao ni Ami Saidi, ndugu wa baba yangu. Yeye ndiye aliyefanikiwa kuliko sote kwa biashara, na ndiye aliyeamua kwamba kile kipande cha ardhi ya familia kule bondeni kijengwe nyumba ya mapumziko, yenye baraza pana na bwawa la kuogelea. Alinipa mimi nichore. Unajua furaha niliyokuwa nayo? Nyumba nzima, si ngazi wala choo.

Basi tulifika, mimi na Bibi, na fundi mwashi aliyeitwa Mathayo. Huyu alikuwa Mtanzania, mtu wa Makete, akiishi na wafanyakazi wenzake huko Dubai Investments Park, na Ami alikuwa amemwajiri kwa siku zake za mapumziko. Mitende ilikuwa chini yetu. Falaji, yaani ule mfereji wa kale unaoleta maji kutoka mlimani, ulipita juu kidogo. Katikati ya kiwanja palikuwa na mnara mfupi wa mawe ulioegemea kibanda kisicho na paa. Nilipima mipaka, nikachora kisanduku kuuzunguka mnara ule, nikauwekea alama ya kuvunjwa.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akinitazama.

"Hicho ulichokikata kalamu ni nini?" akaniuliza.

"Kinu cha zamani, Bibi. Kitaondoka. Baraza inakuja hapo."

"Kinasagaje?"

Nikatazama mnara. Nikatazama mfereji. "Sijui, Bibi."

"Basi kiwanja hujakipima, umepima mchanga." Hakusema kwa hasira. Alitengeneza buibui lake akaendelea, "Kuvunja si dhambi. Hata sisi tulivunja tukajenga. Lakini mtu avunje kitu anachokijua. Hebu kaingie ndani umwone unayemvunja."

Nilitaka kumwambia kwamba Ami ndiye mwenye shughuli. Nikaona haya, nikachukua mkanda wangu wa kupimia.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo ninayoipenda, na nikianza kuielezea watu hunikimbia. Mnara ule haukuwa mnara wa kupanda. Ulikuwa kisima kilichosimamishwa juu ya ardhi. Maji yalitoka kwenye falaji, yakaja juu ya ukuta mrefu wa mawe, yakaangukia ndani ya shimo lililo katikati ya mnara. Mathayo alinifunga kamba kiunoni akanishusha polepole. Juu shimo lilikuwa pana, ningeweza kunyoosha viwiko. Kadiri nilivyoshuka lilinibana, na kule chini kabisa lilibaki tundu tu, la kupita ngumi, lililochongwa katika jiwe moja gumu. Mafundi wale walijua kwamba maji yakijaa shimo refu na kupewa njia nyembamba, yanatoka kwa nguvu kama mshale. Walilijua hilo bila pampu wala umeme. Nilikuwa kule chini, vumbi puani, kamba ikinikata mbavu, na nilijikuta natabasamu peke yangu.

Nilipotoka nikamkuta Mathayo anazunguka nje akitafuta kitu.

"Dada, gurudumu lilikaa wapi?" akasema. "Kwetu Makete palikuwa na mashine ya maji kwenye misheni. Babu alikuwa akinichukua. Gurudumu lilisimama wima ubavuni mwa nyumba, kubwa kuliko mlango. Hapa sioni hata pa kulisimamisha."

"Labda lilikuwa dogo."

"Dogo namna gani? Huo ukuta hauna nafasi ya ekseli, ule mhimili wake."

Tukabishana. Nikachora, akafuta kwa kidole, akachora yeye mchangani. Bibi alituacha tukachoka, ndipo akasema, "Lililala."

"Lililala vipi, Bibi?"

"Kama sinia. Lilikuwa chini ya sakafu, kwenye lile tao. Maji yanakuja kulipiga makafi yake ubavuni, linazunguka limelala vile vile. Nguzo inatoka katikati yake, inapanda juu, inapita tundu la jiwe la chini, inalishika jiwe la juu. Likizunguka chini, jiwe linazunguka juu. Basi."

Nikarudi kwenye vipimo vyangu. Lile tundu halikuelekea katikati ya tao. Lilielekea pembeni, pale hasa ambapo makafi ya gurudumu lililolala yangekuwa. Nilipoiweka ile mistari kwenye karatasi ikakutana, nilimwonyesha Mathayo, naye akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Wazee hawa walikaa wakafikiri." Siku ile sikuichora tena nyumba ya Ami.

Ami Saidi alipopata habari alikuja mwenyewe Ijumaa iliyofuata. Usimfikirie vibaya, mwanangu. Ami alikuwa mtu mwema, na wengi hapa mjini wamekula kwa mkono wake. Alisimama mbele ya kinu na miwani yake ya jua, akasema, "Mama, hayo ni mawe tu."

"Ni kinu cha wazee wangu," Bibi akajibu. "Viwili. Kimoja cha baba, cha pili alikijenga mama yangu alipofiwa."

"Mama, kinu ni kimoja. Kiko hapa, tunakiona. Unachanganya mambo."

Bibi alivuta buibui lake. Nilimwona anavyotazama chini, na moyo uliniuma, maana Bibi alisahau dawa zake na majina ya wajukuu, lakini sikuwahi kumsikia akimsahau mama yake.

Nikamuuliza Ami kwa nini lazima pawe hapo hapo, wakati ardhi ipo hata ng'ambo ya mitende. Alivua miwani. "We Zuwena umezaliwa hapa. Mimi nililetwa mtoto, Kiarabu changu kinachechemea, darasani wananiita Mzinjibari, mtu wa Zanzibar. Huku mlimani ndiyo usiseme. Kila mtu anataka kujua hawa wamerudi na nini. Nataka wageni wangu wakifika wakute jengo la maana. Siwezi kuwapokea kwenye gofu."

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe ofisini nilikuwa nikijibu simu ya mama yangu kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie Kiswahili.

"Ami," nikasema, "kikizunguka je?"

Akacheka. Kisha akatazama uso wa mama yake, kicheko kikakatika. "Shoveli ya kubomoa inakuja baada ya Idi. Kikizunguka kabla ya hapo, tutazungumza. Kisipozunguka, khalas, imekwisha, na asinune mtu."

Kuanzia hapo Ijumaa zangu zote zilikwenda Hatta. Mathayo naye hakukosa. Nilimuuliza siku moja kwa nini anapoteza mapumziko yake kwa kazi ambayo ikifanikiwa itamkosesha nyumba ya kujenga. Alisema, "Dada, huko mjini napandisha matofali mpaka ghorofa za mawinguni, na jengo likikamilika siruhusiwi kupita mlango wa mbele. Hiki nikikisimamisha nitakaa ndani yake ninywe chai."

Alichonga gurudumu kwa mbao za mkunazi, mti unaoota kwenye mabonde yale na usioogopa maji. Jiwe la chini lilikuwa bado mahali pake. La juu tulilikuta kwenye kona ya kibanda, limepinduliwa, na tulipoligeuza kwa mitarimbo Bibi alilipapasa akasema meno yake yameisha, lichongwe upya mifereji yake ama litaponda nafaka badala ya kusaga. Tukachonga. Mikono yangu ya kushika kalamu iliota malengelenge, na ofisini mtu mmoja aliniuliza kama nimeanza kulima.

Shimo la mnara lilikuwa na nyufa. Bibi akasema, "Hapo panataka saruji," na Ijumaa iliyofuata Mathayo akaja na mifuko miwili ya saruji mgongoni. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu.

"Si hiyo ya mfuko, baba. Saruji ya kwetu, ya udongo."

Kumbe wazee wa kule neno lile lile walilitumia kwa kitu kingine. Walichukua udongo wa mfinyanzi wa mferejini, wakaufinyanga mikate, wakaukausha juani, wakauchoma kwa magogo ya mitende, kisha wakautwanga na kuuchanganya na chokaa. Unakandika ukutani, maji yanapita juu yake miaka na miaka wala hautoki. Bibi alijua kila hatua. Alikaa kwenye kiti chake akituelekeza, "Huo bado mbichi, rudisheni motoni," na Mathayo akiitikia, "Ndiyo, bibi," huku jasho likimtiririka.

"Nani alikufundisha haya?" nikamuuliza.

"Mama. Aliuchoma yeye mwenyewe, kwa kinu chake kile."

Niliinama nikaendelea kukanda udongo. Niliogopa kumkatisha tamaa.

Ijumaa moja tulikuwa tunazibua mlango wa kutokea maji, ule ulio chini ya kibanda. Mchanga ulikuwa umejaa mpaka juu. Mathayo alikuwa anachimba akifuata mfereji wa chini ulikoelekea, kuelekea mitendeni, na koleo lake likagonga jiwe. Akachimba kushoto, jiwe. Kulia, jiwe. Akaniita. Tulifukua kwa mikono. Lilikuwa shimo jingine la duara, limejengwa ndani ya kingo za mteremko ndiyo maana halikuonekana, na chini yake, tulipozunguka na kuondoa mchanga, likatokea tao la pili.

Kinu cha pili, mwanangu. Maji yakitoka kusaga juu, badala ya kwenda zake, yalishuka hapa yakasaga mara nyingine, ndipo yakaenda kunywesha mitende bila kupungua hata tone. Nilichunguza mahali ukuta wa chini ulipokutana na wa juu. Mawe hayakufumana. Ukuta mmoja ulikuja kuegemezwa kwenye mwingine ambao tayari ulikuwa umesimama, na lipu yake ilikuwa nyekundu zaidi. Yaani cha chini kilijengwa baadaye, kwa mkono tofauti. Kazi yangu ni kusoma kuta, na ukuta ule ulisema alivyosema Bibi.

Nilimfuata Bibi kule juu, nikamshika mkono nikamshusha polepole. Alipoliona lile tao alilisogelea. Aliweka kiganja chake kwenye lipu. Halafu akaniambia, "Baba alipofariki walimwambia mama akiuze, mwanamke hawezi kinu. Watu wa vijiji vya juu walikuwa wengi, punda wanasimama tangu alfajiri, kinu kimoja hakitoshi. Akasema, kama maji yanashuka hata hivyo, kwa nini yashuke bure? Akaita waashi kutoka bonde la chini, akawaonyesha pa kuweka kila jiwe. Mimi nikiletewa mchezo wa udongo hapa pembeni ili nisianguke." Akapumua. "Tangu nimerudi nimewaambia watu. Wananiambia mama wewe mzee, unachanganya."

Mimi, mtu wa ngazi na vyoo, nilisimama pale nikijua kwamba mama wa bibi yangu alikuwa mjenzi. Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Nilisimama wima zaidi, ndivyo nilivyojisikia.

Tulikuwa na kazi moja iliyobaki, kuomba maji. Falaji ni ya majirani wote, na kila mwenye mitende ana zamu yake. Bibi alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Aliwaambia hatayachukua, atayapitisha tu. Wazee wawili watatu walikikumbuka kinu kile kikifanya kazi kabla unga wa magunia haujaanza kupanda kutoka bandarini. Walikubali, na wengine wakaja kutazama.

Mara ya kwanza tulishindwa. Maji yaliingia, shimo likajaa nusu, kisha ubavu wa mnara ukaanza kutokwa machozi, na mara yakafumka kwenye ufa tuliouruka. Gurudumu lilijigeuza kidogo likasimama. Nilikaa juu ya ukuta nikatazama maji yanavyopotea. Idi ilikuwa imekaribia. Mathayo alishusha kamba akaingia kupima ufa. Bibi akasema, "Mama yangu naye shimo lilimfumka. Chomeni udongo mwingine." Kwa hiyo tukachoma mwingine.

Mara ya pili Ami Saidi alikuwepo. Alikuja na kanzu nyeupe ya pasi, akasimama mbali asilowe. Mathayo aliinua kibao kilichozuia maji. Tuliyasikia yakianguka ndani ya mnara, kwanza kwa kelele nyingi, kisha kelele ikawa inapanda na kuwa nyembamba kadiri shimo lilivyojaa. Halafu kimya. Ghafla chini ya miguu yetu tundu likapiga, gurudumu likalia, nguzo ikatetemeka, na jiwe la juu likaanza kwenda, zito, kama mtu anayeamshwa, halafu likashika mwendo.

Bibi alimimina ngano kwenye kapu lililoning'inia juu. Kijiti kilichofungwa kapuni, kinachogusa jiwe, kikaanza kulitikisa kapu, punje zikaingia moja moja katikati. Tukangoja. Unga ulitokea pembeni mwa jiwe, kahawia hafifu, wenye joto.

Ami alikuja karibu. Alisahau kanzu yake, akapiga magoti, akakinga viganja. Aliunusa unga ule. "Mama," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "hiki ndicho ulichokuwa ukitusimulia kule Unguja? Tulipokuwa wadogo, kabla ya kulala?"

"Ndicho."

"Mimi nilidhani ni hadithi za kutulaza."

"Na ulilala?"

Ami akacheka huku anajifuta macho kwa mkono wenye unga, uso ukawa mweupe wote. Kisha akanigeukia mimi. "Zuwena, ile nyumba ichore ng'ambo ya mitende. Ndogo kidogo. Na baraza itazame huku."

Shoveli ilikuja baada ya Idi kweli, ikachimba msingi wa ng'ambo. Kinu cha chini hatukuweza kukizungusha, tao lake limepasuka vibaya na tulihofia kuligusa. Tulilisafisha tu na kuliegemeza, lipo. Mathayo aliijenga nyumba ya Ami, na kabla hajarudi kwao alikaa ndani ya kinu akanywa chai yake, tena vikombe viwili. Bibi aliishi misimu michache baada ya hapo. Ami alipopata wageni, watu wakubwa wa mjini, alikuwa hawapeleki kwenye bwawa kwanza. Aliwapeleka kinuni, akawaambia kwa sauti ya kusikika, "Hiki alijenga baba wa mama yangu, na kile cha chini alijenga bibi yangu." Na mimi niliichukua ile michoro nikampelekea mkubwa wangu. Aliitazama kwa muda mrefu, akaacha kunipa vyoo. Kuanzia hapo majengo ya kale yakawa ndiyo kazi yangu, na ndiyo iliyokusomesha.

Basi mwanangu, ninayokuambia ni haya. Ukipewa kalamu ya kufuta kitu, kwanza kiingie ndani ukijue kinavyofanya kazi. Ukishakijua, kama bado unaona kiondoke, kiondoe. Mzee akikuambia habari ambayo huioni kwa macho, usikimbilie kusema amechanganyikiwa, chukua koleo ukachimbe. Na ukiulizwa kwenu ni wapi, usiinue mabega. Sisi ni watu wa milima ile, na ni watu wa Unguja, na ni watu wa Al Baraha, na lugha zetu zote ni zetu. Jivunie hayo yote, lakini jivune kama mtu anayeweza kueleza, jiwe kwa jiwe, anachojivunia. Asiyeweza kueleza anapiga kelele tu, na watu humtambua.

Mungu akufungulie macho yaone kazi ya waliokutangulia, na akupe afya na akili ya kufanya yako. Akukutanishe na watu wa kweli katika kazi zako, waumini wa kila dini. Akulinde njiani, akuzidishie riziki ya halali, na watoto wako siku moja wataje jina lako bila kushusha sauti. Amin. Nenda sasa, mwanangu, nenda na radhi zangu.